UZI: Stelingi mpya kwenye muvi za vichekesho vya zamani. Nini hasa hubeba mfululizo?

#1 MtazamajiKondele (Kisumu)
Wadau salaam. The Naked Gun ilirudi Agosti 2025, Liam Neeson akiwa Frank Drebin Jr., mtoto wa yule polisi Frank Drebin wa Leslie Nielsen. Tangu muvi ya tatu ya 1994 miaka 31 ilikuwa imepita, na Nielsen alishafariki 2010. Watu walijiandaa kuona aibu, lakini muvi ikachekesha. Upande wa pili kuna The Pink Panther: tangu Peter Sellers afariki Julai 1980 wamejaribu mara nne kwa waigizaji wengine, na bado ukimtaja Inspekta Clouseau kila mtu anamwona Sellers.

Dai langu ni kwamba stelingi mpya hukubalika akipewa jina lake. Mfanye mtoto wa mhusika, mwache atembee mwendo wake. Ukimvisha koti na masharubu ya marehemu, mtazamaji hapimi kichekesho tena, anapima mfanano. Mwenye ushahidi wa kinyume alete.

#2 Bondeni_Reel (Nakuru)
Omera, ushahidi huu hapa: Son of the Pink Panther, 1993. Roberto Benigni hakumwigiza Clouseau, alimwigiza mtoto wake, Jacques Gambrelli. Alipewa jina lake na mwendo wake, na kila kitu cha zamani kiliwekwa mezani: Blake Edwards mwongozaji, Herbert Lom kama Dreyfus (bosi wa Clouseau), Burt Kwouk kama Cato (mtumishi wake), muziki wa Henry Mancini. Ilianguka vibaya, na ndiyo ikawa muvi ya mwisho ya Edwards. Kwa hiyo habari ya mtoto siyo dawa.

#3 Mulembe_Kakamega
Mulembe wote. Mbona tunamruka Steve Martin? 2006 alivaa masharubu yale yale, akaanguka kwenye soko kama gunia la mahindi. Hilo linamsaidia Kondele.

#4 NyarNyalenda (Kisumu)
@Mulembe_Kakamega hapana, sokoni hakuanguka. Muvi ya 2006 ilikusanya zaidi ya dola milioni 150 duniani. Iliyolegea ni ya pili, 2009, iliyopata takriban nusu ya hizo. Waliomkataa tangu mwanzo ni wakosoaji. Tuseme mapema tunapima nini: pesa, wakosoaji, au muvi ambayo mtu anairudia miaka 20 baadaye? Haya matatu hayaendi pamoja.

Na tuweke orodha sawa, maana huko mbele tutabishana juu ya hewa. Clouseau: Sellers kuanzia 1963. Alan Arkin 1968. Roger Moore dakika chache mwishoni mwa Curse of the Pink Panther, 1983, eti Clouseau amebadilishwa sura kwa upasuaji. Martin 2006 na 2009. Ted Wass wa 1983 na Benigni wa 1993 ni wahusika wengine kabisa.

Tena Sellers mwenyewe aliingia kwa mlango wa nyuma. Kazi ilikuwa ya Peter Ustinov, akajitoa, na muvi ya kwanza ilijengwa kumzunguka mwizi wa vito, David Niven. Inspekta alikuwa wa pembeni. Kwa hiyo huyo tunayemwita asiyebadilishika, hata stelingi hakuwa.

#5 MwalimuWaDrama (Bungoma)
Asante NyarNyalenda. Mimi nadhani mnamtazama mtu asiye sahihi. Vichekesho vya kuanguka na kujigonga vinabebwa na anayeumia kwa ajili ya mjinga. Muvi ya 1963 haina Dreyfus. Anaingia A Shot in the Dark, 1964, na mfululizo unapata moyo wake hapo. Clouseau hajui kwamba yeye ni balaa. Dreyfus anajua, na kujua kunamtia wazimu: jicho linaruka-ruka, anajikata kidole, hatimaye anajaribu kumuua. Mtazamaji anacheka kupitia kwake.

Sasa nenda 1968. Inspector Clouseau ya Arkin haina Dreyfus, haina Cato, haina Edwards, haina muziki wa Mancini. Arkin ni mwigizaji hodari, ila aliachwa uwanjani bila timu. 2006 Dreyfus yupo, ni Kevin Kline, lakini wamemgeuza mpangaji wa njama: anamteua Clouseau makusudi afeli ili yeye apate nishani. Ukishafanya hivyo umepoteza mwathiriwa, umebaki na wajanja wawili wanaoshindana.

#6 Bondeni_Reel
Mwalimu, Benigni alikuwa na Lom yule yule. Mwathiriwa halisi, kiwandani kabisa. Mbona haikusaidia?

#7 MwalimuWaDrama
Itazame tena hadi mwisho. Dreyfus wa 1993 anampenda Maria, mama yake Jacques (Claudia Cardinale), na wanafunga ndoa. Amelainika. Mtu mwenye furaha hawezi kuwa kipimo cha maafa. Lom yupo, lakini kazi yake haipo.

#8 FundiMenengai (Nakuru)
Naona mnaongea hadithi tu. Angalieni mwili na kamera.

Clouseau na Drebin ni kazi mbili tofauti, na hapo ndipo ulinganisho wa posti #1 unapokosea. Clouseau ni kichekesho cha viungo. Anashika kitu, kinamshika yeye, anajaribu kujinasua kwa heshima, kinaharibika cha pili. Lazima mwigizaji awe na mizani ya mwanasarakasi, na Sellers alikuwa na miaka 38 muvi mbili za kwanza zilipotoka. Drebin ni kichekesho cha uso. Nielsen alikuwa na miaka 62 muvi ya kwanza ilipotoka 1988, Neeson 73 mwaka 2025. Maafa yanatokea nyuma yao, pembeni, au wanayasababisha bila kugeuka. Wanachotakiwa kufanya ni kutocheka. Uso mzito unarithiwa kirahisi kwa sababu dunia imejaa waigizaji wenye uso mzito. Mwili wa Sellers haurithiwi.

Kuhusu kamera: mwangukaji anatakiwa aonekane mzima, kichwa hadi kiatu, na kile kitakachomwangusha kiwe ndani ya fremu kabla hajakifikia. Kumbuka Buster Keaton, Steamboat Bill, Jr., 1928. Ukuta wa nyumba wa takriban tani mbili unamwangukia, yeye anapita kwenye tundu la dirisha. Shoti moja, pana, haikukatwa. Ukiikata iwe shoti ya ukuta, kisha uso, kisha vumbi, hakuna atakayeamini wala atakayecheka. Hapo ndipo muvi nyingi za kufufua zinapokosea: stelingi ni mzee au ana bima kubwa, kwa hiyo mwangukaji ni mtu wa stanti, kwa hiyo wanakata ili kuficha sura. Kichekesho kinafia kwenye mkato.

#9 NyarNyalenda
@FundiMenengai naunga mkono habari ya uso, na historia iko upande wako. Jim Abrahams na ndugu wawili Zucker walipotengeneza Airplane! mwaka 1980 waliwachukua Nielsen, Lloyd Bridges, Peter Graves na Robert Stack, watu waliojulikana kwa kazi za kiume na nzito. Nielsen alikuwa nahodha wa chombo cha anga katika Forbidden Planet, 1956, bila utani hata kidogo. Walimtaka aseme upuuzi kwa sauti ya daktari anayetoa matokeo. Neeson ameingia kwa mlango huo huo: mtu wa kutafuta binti aliyetekwa katika Taken, ananguruma kwenye simu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. The Naked Gun yenyewe ilizaliwa kwenye televisheni, Police Squad!, ABC, 1982, vipindi sita tu, ikafutwa vinne vikiwa vimeonyeshwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtazamaji alilazimika kukaza macho. Huko wenzake Drebin, Ed Hocken na Nordberg, waliigizwa na Alan North na Peter Lupus. Kwenye sinema wakawa George Kennedy na O.J. Simpson. Waigizaji wawili wakubwa walibadilishwa na hakuna aliyeandamana.

#10 Mulembe_Kakamega
Basi kumbe ni waandishi. Weka Zucker, weka mtu yeyote mbele.

#11 Bondeni_Reel
David Zucker hakuhusika na ile ya 2025, na amesema hadharani kwamba hakuifurahia. Mwongozaji ni Akiva Schaffer. Ikachekesha hivyo hivyo. Sasa tumeua nadharia tatu: mtoto, timu ya zamani, waandishi wa zamani. Edwards alikuwapo 1993 ikafa, Zucker hakuwapo 2025 ikaishi.

#12 SautiNaPicha (Naivasha)
Mnasahau masikio. Three Stooges, kundi la wachekeshaji watatu, walipiga filamu fupi 190 pale Columbia, 1934 hadi 1959, na kila pigo lilikuwa na ala yake. Kidole jichoni ni uzi wa fidla ukinyofolewa, ngumi tumboni ni ngoma kubwa, kofi ni mlio wa mjeledi. Mtoto wa miaka minne anajua kwamba hakuna aliyeumia kwa sababu sauti imemwambia. Muvi za sasa zinaweka mlio wa mfupa halisi, mtazamaji anashtuka, anamhurumia mtu, na huruma ikiingia kicheko kinatoka.

Kuna na mwendo. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, fremu 16 hivi kwa sekunde, zikaonyeshwa kwa kasi zaidi. Ukitaka ladha hiyo leo bila kufanya katuni, piga kwa fremu 22 na ucheze kwa 24, utapata kasi ya asilimia 9. Fremu 20 inakupa asilimia 20, na hapo jicho linaanza kugundua. Kwenye simu, ongeza kasi ya kipande cha anguko peke yake hadi asilimia 110, usiguse sekunde kabla na baada. Sauti irekodiwe kando, la sivyo watu watapiga kelele kama vifaranga.

#13 MtazamajiKondele
Nimesoma, nimepunguza msimamo kuhusu mtoto lakini siuachi wote. @FundiMenengai, ukisema ukate kidogo, vijana wetu wa skiti hapa Kisumu wanaangukaje kwa shoti moja bila kuvunja mkono? Na zile chupa za kuvunjiwa kichwani wanazipata wapi?

#14 FundiMenengai
Anguko la nyuma: kidevu kifuani kwanza. Kunja goti moja, keti juu ya kisigino chako kana kwamba unakalia kigoda, halafu viringika kutoka tako la upande mmoja kwenda bega la upande wa pili. Mikono iko wazi pembeni, nyuzi 45 kutoka mwilini, viganja vinapiga sakafu wakati mmoja na mgongo, pumzi inatoka. Kosa la wengi ni kunyoosha mkono nyuma ili kujizuia. Kifundo ndicho huvunjika hapo, au kiwiko. Kosa la pili ni kutua katikati, kwenye kifandugu. Ndani ya suruali vaa pedi za voliboli magotini na kipande cha sponji kiunoni. Suruali iwe pana, ndiyo maana wachekeshaji wa zamani walivaa hivyo.

Kutoka juu ya ukuta mfupi: maboksi makubwa matupu, safu mbili, pembe zikatwe kidogo ili hewa itoke, yafungwe kamba kuzunguka yasitawanyike, juu turubai, juu yake godoro la inchi 6. Utue kwa mgongo mzima. Godoro peke yake kwenye saruji linakurusha. Zaidi ya mita 2 mwachie mwenye mafunzo.

Kidole jichoni: vidole vinagonga juu ya nyusi. Anayepigwa ndiye anayefumba na kupiga kelele, anayepiga hatumii nguvu.

Chupa ni sukari. Gramu 400 za sukari, mililita 240 za maji, mililita 120 za glukosi ya maji, matone machache ya ndimu ili isirudi kuwa chenga. Chemsha moto wa wastani, usikoroge ikishachemka, hadi nyuzi 150. Chini ya hapo inanyumbuka kama tofi, ukifika 160 inaungua. Mimina kwenye umbo lililopakwa mafuta. Sukari yetu ya kahawia inatoa rangi ya chupa ya bia bila kuongeza kitu. Ikivunjika bado ina makali, kwa hiyo isipigwe usoni: juu ya kichwa, nyuma kidogo, aliyepigwa amefumba macho.

#15 NyarNyalenda
Nyongeza kwa walio karibu na ziwa. Sukari hunywa unyevu wa hewa. Chupa iliyomiminwa asubuhi Kisumu, ikiachwa wazi, mchana inanata mkononi na jioni imelegea, haivunjiki, inakunjika. Imimine siku ile ile ya kupiga picha, itie kwenye debe lisilopitisha hewa na mchele mkavu chini. Nakuru mna nafuu. Ukipata isomalti, aina ya sukari ya kupambia, kwa wauza vifaa vya keki, inastahimili zaidi na haina rangi, ila bei iko juu.

#16 Mulembe_Kakamega
Uzi umeingia jikoni 😂 Nirudishe nyumbani. Papa Shirandula. Stelingi wake Charles Bukeko alifariki Julai 2020, kipindi kikaisha naye. Kilikuwa Citizen tangu 2007. Kwa nadharia zenu zote, mtu mpya angeweza kuvaa ile sare ya ulinzi?

#17 MwalimuWaDrama
Muundo wake ni imara kuliko wa Clouseau: mlinzi wa langoni anayemdanganya mke kwamba yeye ni mtu wa ofisi. Kila kipindi uongo unakaribia kufichuka. Nguo mbili, njia mbili, watu wawili wa kuogopa. Mkewe, Wilbroda, ndiye Dreyfus wake, ndiye anayeumia asipojua kwa nini. Muundo kama huo unaweza kubeba mtu mwingine, ilimradi Wilbroda abaki na nguvu zake.

#18 Bondeni_Reel
Sikubali. Bukeko alikuwa na ukubwa wa mwili na woga wa mtoto kwa pamoja. Akijibana nyuma ya mti mwembamba mkewe akipita, kichekesho ni hesabu ya mwili na mti. Weka mtu mwembamba, muundo ni ule ule, kicheko hakuna. Hapa mwili ndio maandishi.

#19 OmeraWaKiboswa
Nimefuatilia kimya. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi mnamwacha? Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyeigiza Mluo na Wajaluo wenyewe wakamchukua kama wao hadi alipofariki Julai 2015. Ni kama Sellers, Mwingereza anayeongea kwa lafudhi ya Kifaransa ya uongo hata Wafaransa wa muvi ile hawamwelewi. Mnapotafuta mrithi mnatafuta mzawa wa lafudhi. Lafudhi ya kichekesho hujengwa na masikio, na mgeni mara nyingi husikia kisichosikiwa na mwenyeji.

#20 NyarNyalenda
@OmeraWaKiboswa umefungua mlango mzuri. Lafudhi ya Clouseau katika muvi ya 1963 ni ya kawaida tu. Ilikuzwa kuanzia 1964, na kufikia miaka ya 70 neno lolote lingeweza kupinda. Sellers alipewa muda wa kuikuza polepole. Warithi wote wamelazimika kuanza na lafudhi iliyokwisha kukomaa, ya mtu mwingine.

#21 SautiNaPicha
Hiyo ndiyo nadharia ninayoiamini zaidi kufikia sasa. Lakini ieleze Three Stooges. Shemp, mwanakundi wa zamani, alirudi 1946 baada ya mwenzao Curly kupata kiharusi, na hakuiga sauti wala mzunguko wa Curly sakafuni, akakaa hadi alipofariki 1955. Baada ya hapo Columbia walikuwa na mkataba wa filamu fupi nne, wakamweka Joe Palma aipe kamera mgongo huku wakichanganya picha za zamani za Shemp. Edwards alifanya ya aina hiyo 1982, Trail of the Pink Panther, kwa mabaki ya Sellers aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla, na mjane wa Sellers akawashtaki akashinda. Kati ya mrithi mbaya na mgongo wa mtu asiyejulikana, nachagua mrithi.

#22 OmeraWaKiboswa
Mimi napima kwa kibanda cha video. Muvi ya vita DJ Afro anaisimulia kwa lugha yetu na watu wanapiga meza. The Naked Gun haisimuliki hivyo, kwa sababu nusu ya kicheko ni maneno ya Kiingereza yenye maana mbili, na ukisimulia juu yake unakifunika. Nusu nyingine iko nyuma ya stelingi, kona ya picha, na runinga ya inchi 21 inaimeza. Clouseau akinaswa na vifaa vya mazoezi, hata sauti ikikatika watu wanaanguka chini. Kwa hiyo huku kwetu ni rahisi kurithi kazi ya Neeson na ni vigumu kuiuza. Ya Martin ni kinyume chake.

#23 MtazamajiKondele
Hilo la kuuza sikulifikiria. Lakini bado haielezi kwa nini Arkin alikataliwa 1968 na Martin akajaza kumbi 2006.

#24 Mulembe_Kakamega
Sellers alikuwa hai 1968. Mtu hakubali mrithi mwenye shamba akiwa bado analima.

#25 Bondeni_Reel
Afadhali. Ila Roger Moore 1983 Sellers alikuwa ameshafariki, na ile muvi ilizama pia. @MwalimuWaDrama, kabla hujasema kitu: Dreyfus alikuwepo.

#26 MwalimuWaDrama
Alikuwepo, lakini Clouseau hakuwepo hadi dakika za mwisho. Dreyfus alikuwa anamhangaikia Ted Wass, ambaye hajamfanyia kitu kwa miaka 20. Chuki hiyo haikopeshwi.

#27 FundiMenengai
Kondele, zile chupa: tumia umbo la silikoni, plastiki ya kawaida inalegea kwa moto huo; subiri ipoe kabisa kabla ya kutoa, na ukate umbo kwa wembe kuanzia shingoni. Ukivuta, shingo inabaki ndani.